Mdhamini Asiyeulizwa: Mungu, Ardhi na Mtu Mkoani Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na kutoa harufu, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa katika eneo la chini la mto, kabla haujaingia Ziwa Viktoria jirani na Musoma. Serikali ilisitisha kwa muda matumizi ya maji hayo, ikaunda kamati ya wataalamu, na kamati ikarudi na jibu kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea ya kinamasi, wala si kemikali za migodini. Nchi ikacheka. Wanaharakati walilipinga jibu hilo, na katika mitandao ya kijamii ng'ombe wa Mara wakawa gumzo kwa majuma kadhaa.

Sina nia ya kuufufua hapa mjadala wa kinyesi na kemikali. Kilichonishughulisha tangu wakati ule ni swali jingine, ambalo halikuulizwa na kamati wala na walioikejeli kamati: katika tukio lile, ni nani aliyekosewa? Wavuvi walikosewa, hilo ni wazi. Waliotegemea maji yale kwa kunywa, kupikia na kunywesha mifugo walikosewa. Je, mto wenyewe ulikosewa? Je, Mungu alikosewa? Sikusikia mahubiri yoyote, ya kanisani wala ya msikitini, yaliyolitaja tukio lile kuwa dhambi iliyomdai mtu fulani toba. Mwanafunzi mmoja katika semina yangu aliliweka jambo hili kwa lugha nyepesi kuliko yangu: ukimwibia jirani kuku unaungama, lakini ukiuua mto unaungama nini, na kwa nani? Darasa likacheka, kama nchi ilivyocheka. Mimi nililiona kuwa swali zito kuliko mengi niliyopata kuulizwa darasani.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Mkoa wa Mara, na hasa eneo la Musoma, Butiama na Bunda, umerithi mapokeo matatu ya kidini ambayo, pamoja na tofauti zake kubwa, yanakubaliana juu ya jambo moja: binadamu si mmiliki wa ardhi, maji na viumbe, bali ameshikishwa tu na mwingine, na atatoa hesabu. Sheria zetu zimeichukua nusu ya fikra hiyo. Zimebaki na mdhamini, zikamwacha yule anayedai hesabu. Dini zetu nazo zimechukua nusu ya pili. Zimebaki na Mwenye kudai hesabu, zikaiondoa ardhi katika orodha ya maswali. Matokeo yake ni kwamba mto unaweza kufa kati ya ofisi na altare, na pasiwe na mahali ambapo kifo hicho kinasomwa kama deni.

Tuanze na mapokeo ya kale zaidi, kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa kwa wepesi mkubwa kuliko yote. Wazanaki, Waikizu na majirani zao wa magharibi ya Serengeti waliamini kwamba nchi ina emisambwa, yaani mizimu inayofungamana na mahali mahususi: chemchemi hii, kilima kile, kichaka kile. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti wa muda mrefu katika eneo hili na kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya kumbukumbu za nchi ya Serengeti mwaka 2007, ameonyesha jinsi wazee walivyoisimulia historia yao kwa kutembea kutoka mahali hadi mahali. Kwao, nchi ilikuwa ndiyo maktaba. Ukoo uliomiliki mahali haukuwa na haki ya kufanya upendavyo. Ulikuwa na wajibu wa ibada, na wajibu huo uliandamana na miiko. Mti huu haukatwi. Chemchemi hii haichezewi. Anayevunja mwiko hajikosei peke yake, kwa maana adhabu, iwe ukame, ugonjwa au utasa wa mifugo, huwaangukia wote.

Butiama kuna msitu mdogo uitwao Muhunda, kwa jina la roho ambayo Wazanaki wa hapo huiheshimu kuwa mlinzi wao, na ambayo husimuliwa kwamba hujitokeza kwa sura ya mnyama. Msitu huo upo jirani na Mwitongo, mahali palipo na makazi na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Kwa miaka mingi ulilindwa bila bango wala askari wa wanyamapori, kwa nguvu ya jina lake tu. Ningependa wenzangu wa idara za mazingira watafakari juu ya gharama ya ulinzi huo wakilinganisha na bajeti zao.

Jina la Mwalimu lenyewe lina somo ndani yake. Wanaoandika wasifu wake wanaeleza kwamba Kambarage ni jina la roho ya mvua, na kwamba Nyerere, jina alilorithi kwa baba yake Chifu Burito, lina maana ya viwavi, kwa kuwa mzee huyo alizaliwa katika msimu wa balaa la viwavi. Julius alikuja baadaye, katika ubatizo wa Desemba 1943. Mvua, wadudu na ubatizo katika jina la mtu mmoja! Sijui kama kuna muhtasari bora zaidi wa jinsi watu wa Mara walivyoishi na Mungu na maumbile bila kuhisi kwamba wanachanganya mambo mawili.

Aliyeyaweka mawazo haya katika lugha ya taaluma, na kuyatetea mbele ya ulimwengu, alikuwa mwana wa Mara pia: Padre Laurenti Magesa wa Jimbo Katoliki la Musoma, aliyefariki dunia mwaka 2022, miezi michache baada ya mto ule kugeuka mweusi. Kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika kama mapokeo ya kimaadili kinasomwa katika vyuo vya teolojia duniani kote, ilhali nina wasiwasi kwamba wengi katika mji wa Musoma hawalijui jina lake. Magesa alikataa kabisa kuiita dini ya Kiafrika ushirikina. Aliieleza kuwa ni mfumo wa maadili ambamo Mungu, wahenga, walio hai, watakaozaliwa na dunia inayowabeba wote wanashiriki uhai mmoja. Wema ni kila kinachoongeza uhai huo. Uovu ni kila kinachoupunguza. Na uovu mkubwa kupita wote, kwa uchambuzi wake, ni uchoyo: mtu kujilimbikizia uhai ambao ni wa wote. Katika kitabu kingine, cha mwaka 2013, aliuliza ni kitu gani basi kisicho kitakatifu.

Ukiusoma mto ule kwa macho ya Magesa, swali la kinyesi au kemikali halitoweki, ila linapata mwenziwe. Maabara hukuambia ni nini kilichoingia majini. Maadili hukuuliza ni uchoyo wa nani uliokiingiza. Kama ni mifugo, kwa nini ng'ombe wengi kiasi hicho wamesongamana katika bonde, na malisho yao ya zamani yalichukuliwa na nani? Kama ni mgodi, faida ilikwenda wapi? Na tusisahau kwamba mto huu, wenye urefu wa karibu kilometa 395, huanzia katika nyanda za Mau nchini Kenya, ambako misitu imekatwa kwa miongo kadhaa. Uchoyo nao una bonde lake, na bonde hilo halijali mpaka wa Sirari.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Sitoi wito wa kurudi kwenye emisambwa, na ninawashangaa wasomi wa mijini wanaoyasifu mapokeo haya kana kwamba yalikuwa bustani. Fikra inayosema kwamba ukame hutokana na kosa la mtu huishia mara nyingi katika kumtafuta mtu huyo. Waleta mvua, abagimba, waliheshimiwa mvua iliponyesha, na mvua ilipokataa waliweza kugeukiwa. Hadi katika miaka tuliyoishi sisi, vikongwe wamekatwa mapanga katika Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo wakati mwingi ni macho yaliyopigwa moshi wa kuni jikoni. Huo ndio upande wa pili wa imani kwamba maumbile na maadili ni kitu kimoja: mnyonge hubebeshwa hesabu ya mbingu. Yeyote anayetaka kuirudisha ardhi katika maadili sharti kwanza aeleze atamlindaje bibi kizee yule.

Ukristo ulipofika ulitoa jibu kwa hofu hiyo, na haki yake isipunjwe. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911; Wamenno walifika Shirati mwaka 1934; Wamaryknoll wa Marekani wakaja Musoma mwaka 1946. Walihubiri kwamba mtu hana haja ya kuogopa kichaka. Kwa mwanamke aliyetuhumiwa uchawi, huo ulikuwa ukombozi halisi. Tatizo ni lililofuata. Mizimu ilifukuzwa mtini, na Mungu hakuhamia pale. Alikaa kanisani, Jumapili, akishughulika na roho za watu, ndoa zao na pombe yao. Mti ukabaki mti tu, na mti usio na mwenyewe ni mkaa.

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani Lynn White aliandika makala mashuhuri katika jarida la Science, akiutuhumu Ukristo wa magharibi kwamba ndio mzizi wa uharibifu wa mazingira, kwa sababu kitabu cha Mwanzo kinampa mtu amri ya kuitiisha nchi na kuwatawala viumbe. Tuhuma hiyo imejibiwa mara nyingi, na jibu lililo imara kuliko yote lipo katika sura ya pili ya kitabu hichohicho, ambako mtu anawekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Kwangu mimi, suala la Mara halikuamuliwa na sura ipi iliyosomwa. Liliamuliwa na vitu vilivyokuja katika kipindi kilekile: kodi ya kichwa, pamba, na afisa kilimo. Sura ya kwanza ilikuwa na jeshi nyuma yake. Sura ya pili haikuwa nalo.

Angalia Ziwa Viktoria lenyewe. Katika miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni waliingiza sangara katika ziwa hili ili kuongeza thamani ya uvuvi, na katika miongo iliyofuata mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao hawakupatikana mahali pengine popote duniani, wakatoweka au kubaki wachache mno. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Hata Musoma ilipata viwanda vyake. Sisemi kwamba hakuna faida. Nasema kwamba mamia ya viumbe waliotoka mkononi mwa Muumba walifutwa katika uhai wa kizazi kimoja, mbele ya macho ya makanisa na misikiti iliyojaa watu, na sijaona kitabu cha sala kilichowataja. Wajita wa mwambao huu humwita Mungu Nyamuanga, jina lenye undugu na Ruhanga wa Wahaya, na undugu huo ni wa tendo la kuumba. Mvuvi anayemwita Mungu kwa jina la Muumbaji, na kumvua asubuhi kiumbe wa mwisho wa aina yake kwa kokoro, yumo katika mgongano ambao hakuna aliyemwonyesha.

Uislamu, ambao una historia ndefu katika mji wa Musoma kupitia wafanyabiashara na watumishi, una msamiati wa hoja hii ulio wazi pengine kuliko wa Ukristo. Mtu ni khalifa, yaani naibu aliyeachiwa ardhi. Ulimwengu umewekwa kwa mizani, na binadamu ameonywa asiivuruge. Kurani inauhusisha uharibifu wa nchi kavu na baharini moja kwa moja na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Zaidi ya hayo, fikihi ilitafsiri fundisho hili kuwa sheria za mahali: kisima na mto vina harimu, eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa wala kuharibiwa, na kuna hima, malisho na misitu iliyotengwa kwa manufaa ya wote. Ninapowafundisha watumishi wa umma juu ya kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, huwaambia kwamba wazo hilo halikuzaliwa Dodoma. Msomaji wa fikihi analijua kwa jina la harimu. Mzee wa Ikizu analijua kwa jina la mwiko. Ni sisi wenye vyeti tuliomletea mtu wa Musoma meta 60 kama amri isiyo na mama wala baba, kisha tukashangaa kuona bustani za nyanya zikishuka hadi majini.

Sasa nije kwenye sheria, na hapa ndipo Butiama inaporudi kwa uzito. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuruhusu umilikaji binafsi wa ardhi kwa Waafrika, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga, kilichoitwa Mali ya Taifa. Hoja yake ya msingi ilikuwa ya kiteolojia kabla ya kuwa ya kisiasa. Alisema mtu anaweza kudai kuwa chake kile alichokitengeneza kwa jasho lake. Ardhi hakuna aliyeitengeneza. Ni zawadi ya Mungu, tena aliitaja kuwa zawadi kwa viumbe hai wote, si kwa watu peke yao, na ya kutumiwa na vizazi vilivyopo na vijavyo. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuitumia, hana haki ya kuiuza kama kanzu.

Msomaji mwenye sikio la Kizanaki atasikia humo sauti ya wazee. Msomaji Mkristo atasikia Zaburi. Mwislamu atasikia khalifa. Nadhani wote watatu watakuwa sahihi, na ndiyo sababu hoja ile iliingia mioyoni kwa urahisi. Baada ya Uhuru umilikaji wa moja kwa moja ulifutwa, na hatimaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote.

Mdhamini. Neno hili lilitakiwa litufanye tusimame. Kabla ya hapo, katika fikra ya 1958, mwenye mali alikuwa Mungu, na sisi wote, pamoja na mtawala, tulikuwa wadhaminiwa wenye kudaiwa. Katika sheria, nafasi ya mwenye mali imechukuliwa na umma, jambo lililo sawa kabisa kwa dola isiyo na dini, na udhamini umewekwa katika ofisi moja. Wale viumbe hai wengine waliotajwa na Mwalimu wameanguka njiani. Vizazi vijavyo vimebaki katika dibaji za sera. Na hesabu ya mdhamini anaidai nani? Kinadharia ni raia. Lakini raia huyo ndiye anayethaminiwa, anayefidiwa na anayehamishwa na mdhamini wake.

Nyatwali ni mfano ulio karibu. Kata hii ya Mji wa Bunda imekaa kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Ghuba ya Speke. Serikali iliamua wakazi wake waondoke ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Watu wakathaminiwa mali zao na kulipwa fidia, huku pakiwa na malalamiko juu ya viwango na ucheleweshaji. Ninaitambua nguvu ya hoja ya uhifadhi. Tembo nao ni kiumbe hai wa kijitabu cha 1958, na kiu yake si kiu ya mzaha. Ukanda wa magharibi wa Serengeti ukikauka, ziwa ndilo tumaini. Tena wakazi wenyewe waliteseka miaka mingi kwa tembo kuharibu mazao yao. Ninachokipinga ni namna swali lilivyoulizwa. Liliulizwa kana kwamba lina pande mbili tu, wanyama na watu, nayo serikali ikiwa mwamuzi aliye juu ya wote. Makaburi ya Nyatwali yalihesabiwa kama kipengele cha fidia. Sikusikia yakizungumzwa kama kiungo kati ya watu na mahali, kiungo ambacho Magesa angesema ni sehemu ya uhai wenyewe. Wala sikusikia watalii na mapato yao wakitajwa kama upande wa nne katika mizani. Mizani yenye kimya upande mmoja si mizani.

Dini zilikuwa wapi? Jimbo la Bunda lilizaliwa mwaka 2010 kutoka Jimbo la Musoma. Papa Fransisko alitoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015, akaeleza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja, na kabla yake, mwaka 1997, Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli alikwisha kutamka waziwazi kwamba kuyadhuru maumbile ni dhambi. Nyaraka hizi zinasomwa katika seminari zetu. Hata hivyo, katika mafundisho ya maandalizi ya kitubio, mtoto wa Musoma bado anafundishwa kuorodhesha uongo, wizi na utovu wa heshima kwa wazazi. Hafundishwi kuuliza kama amemwaga mafuta machafu ziwani. Baba yake, anayesafisha dhahabu kwa zebaki huko Buhemba na kuyamwaga maji yake kijitoni, anakomunika kwa amani. Yule mwenye leseni kubwa kuliko yake pengine ana kiti cha mbele kanisani, na ametoa mabati. Afisa aliyetia saini bila kusoma tathmini ya athari kwa mazingira anaongoza swala au anasoma somo la kwanza. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mnafiki kwa maana ya kawaida. Hawajaulizwa tu.

Kinyume cha kutoulizwa ni maneno tunayoyatoa maji yanapotufika shingoni. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kina cha juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, likavunja rekodi ya 1964, na nyumba, mialo na mashamba ya mwambao yakamezwa. Nilisikia viongozi wakisema ni kazi ya Mungu. Mvua zilikuwa kubwa kweli. Lakini nyumba zilizojengwa ndani ya meta 60 hazikujengwa na Mungu, na vibali vyake havikutiwa saini na malaika. Matumizi haya ya jina la Mungu, kwamba anatajwa pale tu tunapotaka kuondoka katika orodha ya watuhumiwa, ni kufuru ya kiutawala, na ningependa mashehe na mapadre waikemee kwa ukali uleule wanaoutumia dhidi ya ramli.

Kuna watakaoniambia kwamba ninataka kuchanganya dini na dola. Hapana. Nimekwisha kusema kwamba ni sawa sheria isimtaje Mungu. Ninachotaka ni kwamba kila upande ufanye nusu yake iliyosahaulika. Upande wa dola, udhamini usio na hesabu si udhamini: ripoti kama ile ya Mto Mara ichapishwe yote kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji vya pande zote za Kirumi, na wataalamu wake wasimame katika mkutano mkuu wa kijiji kujibu maswali ya wavuvi. Mikutano ya hadhara ya tathmini ya athari kwa mazingira isiwe karatasi ya mahudhurio na soda. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kuzilinda maliasili za nchi. Ichukuliwe kuwa inamhusu pia mkurugenzi na waziri. Upande wa dini, kazi ni ya aina nyingine. Mwenye kuungamisha aulize. Khatibu ataje mto kwa jina. Na wote wawili wafike katika mikutano ile ya hadhara kama watu wenye la kusema, wasingoje kuitwa kufungua kwa sala na kufunga kwa dua. Pia wakae karibu na vikongwe, ili mavuno yakiharibika pasiwe na mtu wa kutafuta mchawi.

Kuhusu Mwalimu, alitoa mwaka 1970 huko New York, mbele ya masista wa Maryknoll, hotuba iliyotikisa wengi, akidai kwamba Kanisa lisiposhiriki katika mapambano dhidi ya umaskini halitakuwa na maana kwa watu, na kwamba hawezi kumfikiria Mungu aliye fukara na mjinga kwa sura ya watu walioachwa katika hali hiyo. Hotuba ile ilihusu mtu na mtu. Mto na msitu havimo, na simlaumu, kwa kuwa wakati ule njaa ndiyo iliyokuwa mlangoni. Ya 1958 inakwenda mbali zaidi, ingawa ni fupi na haisomwi sana.

Jimbo la Musoma ndilo lililofungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, na katika michakato ya namna hiyo maandishi yote ya mhusika hukusanywa na kupewa wanateolojia wayachunguze kama yanaafikiana na imani. Kijitabu cha Mali ya Taifa hakina budi kuwemo katika makasha hayo. Ipo siku mwanateolojia fulani atafika kwenye aya ile ya zawadi kwa viumbe hai wote, na atalazimika kuandika pembeni kama aliyoisoma ni siasa ya ardhi au ni kanuni ya imani. Ningependa sana kuiona alama atakayoiweka, na ningependa watu wa Nyatwali na wavuvi wa Kirumi wapewe nakala yake.